Mwizi Hazawi Mwizi

Kila anapokamatwa kijana wa mtaani kwa wizi au kwa kupigana mapanga, barazani hayakosekani maneno mawili. Mmoja atasema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Wa pili atajibu, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Kisha kahawa itamiminwa na mazungumzo yatageukia mambo mengine. Lakini, ndugu msomaji, methali hizo mbili hazipatani hata kidogo. Ya kwanza yasema uovu umo damuni. Ya pili yasema uovu huja kutoka nje. Na tutakayoiamini ndiyo itakayoamua tumfanyie nini kijana huyo siku atakapotoka jela.

Wataalamu wa elimu ya jamii nao wameshindania swali hili kwa zaidi ya miaka mia. Leo nimeonelea tuyapime maneno yao, tuone yanatufaa vipi sisi watu wa pwani.

DAMU AU MTAA?

Mwenye kushika upande wa nyoka alikuwa daktari wa Kitaliana, Cesare Lombroso. Mwaka 1876 alitoa kitabu akidai kuwa kuna watu waliozawa wahalifu, na kwamba hutambulikana kwa taya zao, paji la uso na masikio. Dai hilo lilienea Ulaya. Lakini mwaka 1913 daktari wa magereza wa Uingereza, Charles Goring, alichapisha matokeo ya kuwapima wafungwa zaidi ya 3,000 na kuwalinganisha na watu wengine, wala hiyo sura ya mhalifu hakuiona. Sisi tuliosomeshwa chuoni halikutushangaza hilo, kwani tulifunzwa mapema kuwa kila mtoto huzawa juu ya fitra, umbile safi, na walezi wake ndio wamwelekezao.

Kabla ya Goring, Mfaransa Émile Durkheim alikuwa ameshasema neno lililowashtua wengi. Mwaka 1895 aliandika kuwa uhalifu ni jambo la kawaida, maana hapana jamii isiyokuwa nao. Hata wakikusanywa watawa watupu mahali pamoja, alisema, vijikosa ambavyo sisi hatuvijali vitahesabiwa huko kuwa makosa makubwa. Hakukusudia kuusifu wizi. Alikusudia kuwa tukitaka kujua kwa nini uhalifu umezidi mahali fulani, tuitazame jamii yenyewe, tuwache kupima mafuvu.

RAMANI YA CHICAGO

Waliolifanya hilo kwa bidii ni wataalamu wa Chicago, Marekani. Mji huo ulikuwa na watu kiasi cha milioni 1.7 mwaka 1900, na kufika 1930 walikuwa karibu milioni 3.4. Wageni walimiminika kutoka Ulaya, na Wamarekani weusi kutoka majimbo ya kusini. Clifford Shaw na Henry McKay walizifungua daftari za mahakama ya watoto, wakatia alama katika ramani pale alipokaa kila mvulana aliyefikishwa mbele ya hakimu. Walikuwa na mafungu matatu: la 1900 hadi 1906, la 1917 hadi 1923, na la 1927 hadi 1933, kila fungu lina wavulana zaidi ya 8,000. Kitabu chao kikuu kilitoka 1942.

Waliona nini? Mitaa iliyo karibu na kitovu cha mji, kando ya viwanda na reli, penye nyumba mbovu na kodi rahisi, ndiyo iliyotoa wavulana wengi zaidi kwa kadiri ya wakaaji wake. Kila ukienda mbali na kitovu, kiasi hicho hupungua. Lakini la ajabu ni kuwa wakaaji wa mitaa ile hawakuwa wale wale. Wajerumani na Waayalandi walihama, wakaingia Wapoli na Wataliana. Waliohama, watoto wao walitulia huko walikokwenda. Walioingia wakakumbana na balaa lile lile. Damu ilibadilika, mtaa ukabaki na wizi wake. Basi ila haikuwa ya kabila. Ilikuwa ya mahali ambapo umaskini umekaa, watu ni wapita njia, jirani hamjui jirani, na hapana mkubwa wa kumwambia mtoto, "Wacha!"

Miaka mingi baadaye, katika mji huo huo, Robert Sampson na wenzake waliwauliza watu 8,782 swali ambalo bibi zetu wangelielewa mara moja: watoto wakitoroka shule, wakichafua kuta, wakimvunjia heshima mtu mzima, je, jirani zako wataingilia kati? Majibu yalitangazwa mwaka 1997. Mitaa ambayo jirani huaminiana na huingilia kati ilikuwa na ukatili mdogo, hata ukiulinganisha na mitaa mingine yenye umaskini sawa.

Hapo ndipo ninapoutazama mji wetu wa Mombasa. Tulipokuwa wadogo, mzee yeyote wa mtaa alikuwa na haki ya kukukemea, na ukenda kumshtaki nyumbani ulikemewa mara ya pili. Leo tumeikumbatia ile methali ya kuwa ukiona neno, usiposema neno, hutapatikana na neno. Twaona, twanyamaza, twapita. Kisha mapanga yanapotoka usiku twauliza serikali iko wapi. Serikali ina wajibu wake, wala simwondolei. Lakini askari hawezi kukaa kila kichochoro kama anavyokaa jirani.

NJIA IKIZIBWA

Mmarekani mwengine, Edwin Sutherland, alisema uhalifu hufunzwa kama ufundi wowote, kwa kusuhubiana na wanaoujua na wanaouona kuwa halali. Neno hili nalo si geni kwetu, kwani Mtume (S.A.W.) alimfananisha rafiki mwema na muuza miski, na rafiki mbaya na mfua chuma avuviaye moto. Lakini Sutherland hakukomea kwa vijana wa vichochoroni. Mwaka 1949 alitoa kitabu juu ya uhalifu wa mabwana wa ofisini, akaonyesha makosa ya makampuni makubwa 70 ya Marekani. Wachapishaji waliogopa, majina ya makampuni yakaondolewa, na kitabu kizima hakikuchapishwa hadi 1983, mwenyewe ameshafariki. Mwizi wa simu hutajwa jina lake na la babake. Mwizi wa kalamu hufichiwa.

Robert Merton naye aliuliza mwaka 1938: huwaje jamii ikiwafunza watu wote kutamani mali, kisha ikawafungulia wachache tu njia ya halali ya kuipata? Alijibu kuwa wengi watavumilia kwa kazi halali. Wengine watatafuta njia ya mkato. Wengine watashika desturi tu bila ya tamaa yoyote. Wengine watajitoa ulimwenguni kwa ulevi, na wengine wataasi na kutaka mambo yapinduliwe yote. Ukizitazama pwani zetu utawaona wote watano. Na vitabu vyetu vinasimulia kuwa Sayyidna Umar, katika mwaka wa njaa kuu, aliisimamisha adhabu ya kukata mkono. Hakuuhalalisha wizi, aliiona njia iliyozibwa.

JINA BAYA

Lakini linalonikera zaidi ni lile alilolisema Howard Becker mwaka 1963. Mtu, asema, hugeuka mhalifu wa kudumu pindi jamii inapombandika jina, kwani jina hilo humfungia milango mingine yote. Namjua kijana mmoja aliyefungwa miezi tisa kwa kuiba simu. Alipotoka alirudi mskitini, akawa haikosi jamaa. Viatu vikipotea, macho yote kwake. Akiomba kazi ya kibarua, huambiwa nafasi imejaa. Hakuitwa tena kwa jina alilopewa na wazee wake. Baada ya mwaka hivi aliwacha kuja mskitini, akarejea maskani kwa wale waliomkaribisha bila ya kumuuliza kitu. Huko sasa ndiko aliko. Hivyo hivyo twawatenda wale tuwaitao mateja, ilhali Malindi na Mombasa, tangu 2015, kuna zahanati zinazowapa dawa ya methadoni, na wako waliosimama tena.

Mtu ataniuliza: mbona katika mtaa huo huo vijana wengi hawaibi? Swali ni zuri, na Travis Hirschi aliligeuza mwaka 1969 akauliza kinachowazuia wasiovunja sheria. Jibu lake lilikuwa kamba nne: mapenzi kwa wazazi na walimu, jambo la kesho ambalo kijana aogopa kulipoteza, shughuli za kumshika mchana wake, na imani kuwa sheria ni ya haki. Kamba zikikatika, kijana huenda na maji.

Simaanishi kuwa mwenye kosa asihukumiwe. Hapana nafsi ibebayo mzigo wa nafsi nyengine, na aliyeibiwa ana haki yake. Lakini hukumu ina mwisho, na ikisha hukumu kazi ni yetu. Shaw mwenyewe hakutosheka na ramani. Katika miaka ya 1930 aliwakusanya wenyeji wa mitaa ile ya Chicago, wenyewe kwa wenyewe, wawasimamie watoto wao kwa michezo na wawapokee vijana watokao kifungoni. Hilo halihitaji fedha za wafadhili. Kila mskiti una kamati, kila mtaa una wazee, na wako mafundi wenye karakana. Wakae, waandike majina ya vijana wanaotazamiwa kutoka Shimo la Tewa mwaka huu, na kila mmoja apatiwe mtu wa kumpokea na kazi ya kushika. Na tuanze kwa kumwita kila mmoja wao kwa jina lake.