Ushujaa wa Mtu Mdogo

Mchapishaji mmoja wa London alimpa mwanawe wa miaka 10, Rayner Unwin, mswada wa hadithi ausome na kuutolea maoni kwa ujira wa shilingi moja. Mtoto akausifu, na Septemba 1937 kitabu kikatoka: The Hobbit, utungo wa J.R.R. Tolkien, mwalimu wa chuo kikuu cha Oxford.

Bilbo Baggins, mhusika mkuu, hafanani na mashujaa tuliowazoea. Ni hobiti, kiumbe mfupi kuliko hata vibeti, umri wake yapata miaka 50, mpenda chai na starehe ya nyumba yake. Gandalf na vibeti 13 wanamvuta katika safari ya kuikomboa hazina iliyotwaliwa na joka Smaug. Anatoka mbio, hata leso hakuchukua. Wanawake ni haba mno kitabuni, na hiyo ni kasoro. Lakini akina mama watapenda kujua kwamba damu ya ujasiri Bilbo aliirithi upande wa mamake.

Wako wazazi wanaosikia kuna mazingaombwe ndani wakakiweka kitabu kando. Wasiwasi huo haukosi msingi, na ni vyema mzazi atangulie kusoma. Atakachokuta ni kwamba mambo yanayompima Bilbo hayatatuliwi kwa mazingaombwe. Anayo pete ya kumfanya asionekane. Pete hiyo humficha na maadui, haimfichi na hofu yake. Anaposhuka peke yake njia ya chini ya mlima, Gandalf yuko mbali, na joka linasikika likikoroma. Bilbo anasimama. Hapana amwonaye, angeweza kurudi na kusema alitakalo. Anaendelea. Kwa Tolkien, vita vyake vya kweli ni hivyo, kabla hajaliona joka. Kuliua, aliliua mwingine, Bard, mpiga mishale.

Kabla ya hapo alikwisha kumwona Gollum amemzibia njia, naye Bilbo ana upanga mkononi na haonekani. Angemchoma. Akaifikiria dhiki ya kiumbe yule aliyeishi gizani bila tumaini, akamruka, akaenda zake.

Mtihani mzito zaidi ulitoka kwa wenziwe. Thorin, mkuu wa vibeti, alipoipata hazina alipofushwa na tamaa, akakataa kuwagawia watu ambao mji wao uliteketezwa na joka. Vita vikakaribia. Usiku Bilbo akakichukua kito ambacho Thorin alikipenda kuliko vyote, akawapelekea wapinzani wapate cha kusuluhishia, kisha akarudi kwa vibeti kukabili hasira yao, ilhali angeweza kubaki salama. Je, alikhini amana au aliiokoa? Waulizeni watoto, na muwaache wabishane. Wengi wetu tunajua ugumu wa kumwambia jamaa uliyekula naye sahani moja kwamba anadhulumu. Thorin alimtaka radhi akiwa taabani, karibu na kufa.

Bilbo aliporudi kwao alikuta amedhaniwa kafa, vitu vyake vinanadiwa, na jamaa zake wanapima vyumba wahamie. Baadhi ya samani zake ikambidi azinunue upya. Majirani hawakumhesabu tena kuwa mtu wa heshima, naye hakujali. Aliteleka birika lake, akawa anatunga mashairi.