Kicheko na Utawala: Kundi la Mufwankolo na Kiswahili cha Lubumbashi

Kiswahili cha Kongo huzungumzwa katika eneo pana, kuanzia Kisangani na Bukavu, kupitia Uvira na mwambao wa Ziwa Tanganyika, hadi Lubumbashi. Mara nyingi wataalamu wamekichunguza kwa kuorodhesha tofauti zake na Kiswahili sanifu: batu badala ya watu, niko mwalimu badala ya mimi ni mwalimu. Makala haya yanaangalia jambo jingine, nalo ni jinsi kundi la wachekeshaji lilivyokitumia Kiswahili hicho kuuzungumzia utawala wakati ambapo kuukosoa waziwazi kulikuwa hatari.

Chimbuko la kundi hilo ni mitaa ya wafanyakazi ya Elisabethville, mji ulioitwa Lubumbashi kuanzia 1966. Migodi ya shaba ilikusanya watu wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kazini na mtaani. Katika miaka ya 1950 vijana wa mtaa uitwao Kenya waliunda JECOKE, kifupisho cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya Vijana Wachekeshaji wa Kenya. Gitaa, nyimbo, ngoma na vichekesho viliunganishwa katika onyesho moja. Miongoni mwa wanamuziki waliohusishwa na kundi hilo ni mpiga gitaa Edouard Masengo, ambaye baadaye alijipatia umaarufu Nairobi. Jina la kundi likageuzwa kuwa JECOKAT, yaani wachekeshaji wa Katanga. Odilon Kyembe Kaswili, ajulikanaye zaidi kwa jina lake la jukwaani, Mufwankolo, aliiendeleza sanaa hiyo hadi redioni na kwenye televisheni.

Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuwa Lubumbashi. Siku moja, mezani kwa rafiki zake, palipokuwa na firigisi ya kuku, aliusikia usemi kwamba utawala huliwa mzima. Aliwauliza wachezaji wa Mufwankolo maana yake. Badala ya kumjibu kwa maelezo tu, waliamua kuutungia mchezo. Hapakuwa na muswada. Walikubaliana juu ya kisa, wakagawana maonyesho, kisha kila mchezaji akatunga maneno yake papo hapo. Mchezo ulirekodiwa na televisheni katika kijiji cha Kawama, kwa ajili ya sikukuu ya uhuru ya tarehe 30 Juni.

Hapo ndipo ugumu wa kazi hiyo ulipo. Nchi ilikuwa chini ya Mobutu na chama kimoja, na televisheni ilikuwa ya serikali. Usemi wenyewe una makali pande mbili. Mtawala aweza kuupokea kama sifa: madaraka hayagawanyiki. Mtawaliwa aweza kuusikia kama lawama: alaye kitu kizima hamwachii mwenzake hata kipande. Kitenzi kula hubeba maana zote mbili bila kulazimishwa, kwani Waswahili hula kiapo na pia hula rushwa. Mchezaji hakulazimika kuchagua mojawapo. Mtazamaji ndiye aliyechagua, na kicheko chake hakikuwa ushahidi dhidi ya mtu yeyote.

Fabian alichapa matini ya mchezo huo, pamoja na tafsiri, katika kitabu chake cha 1990, Power and Performance. Kwa hiyo mwanafunzi wa lahaja za Kongo ana matini ndefu ya kuchunguza, iliyotungwa na wazungumzaji wenyewe kwa sababu zao wenyewe. Akiishia kwenye orodha ya batu na watu, ataikosa hoja iliyowafanya waigizaji hao wapande jukwaani.