Saa Nane za Tiketi

Mama yetu alipoitazama tiketi yake ya mwezi wa Julai, alitabasamu. Ndege ingeondoka Nairobi saa tano usiku na kutua New York saa moja asubuhi. "Saa nane tu! Kumbe si mbali hivyo," akasema, huku akikunja kanga za kumpelekea dada yetu aliyejifungua.

Hatukumlaumu. Tiketi huandika saa za kila mji kwa hesabu ya mji wenyewe, na New York iko nyuma yetu kwa saa 7 wakati wa kiangazi chao, na kwa saa 8 wakati wa baridi. Angekaa angani saa 15. Umbali ni takriban kilomita 11,800, juu ya Jangwa la Sahara na Bahari ya Atlantiki, na tangu Kenya Airways ilipoianza safari hiyo Oktoba 2018, msafiri halazimiki tena kubadilisha ndege Ulaya au Ghuba. Kurudi ni karibu saa 14, kwani pepo kali za juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Huipinga ndege inapokwenda, huisukuma inaporudi.

Lililotukesha halikuwa umbali, bali sindano ya sukari. Mama hujidunga kila siku saa moja jioni. Jioni ya safari angejidunga uwanjani Nairobi, na saa 24 zingetimia New York ikiwa ni saa sita mchana. Lau angengoja saa ya ukutani kwa dada ionyeshe saa moja jioni, zingepita saa 31. Tukaipeleka tiketi kwa daktari wake, naye akamwandikia karatasini nyakati za sindano na za chakula, akatusisitizia kwamba dawa isiwekwe katika mizigo ya chini ya ndege, kwa kuwa huko yaweza kuganda. Akamwagiza pia ainuke atembee kila baada ya muda, kwani kuketi mno huweza kugandisha damu miguuni. (Na mama zetu, kwa kuona haya kumsumbua aliyeketi kando, ndio wasioinuka kabisa!)

Alitoka nyumbani Kisauni saa saba mchana. Akabisha mlango wa dada saa nne asubuhi ya huko. Saa 28. Alitusimulia kwamba usiku ule ulikataa kwisha: ndege ilielekea magharibi, ikienda sambamba na giza, naye akichungulia dirishani kila mara, akijiuliza Alfajiri imekwama wapi.

Saa yake ya mkononi alikataa kuibadilisha siku zote arubaini. Dada alipomtania, alimjibu kwamba ile ya ukutani ni ya kupikia uji wa mzazi, na hii ni ya kujua kama sisi huku tumeshalala.