Neno la Mkubwa na Moyo wa Mtumishi

Wahenga walisema: "Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi." Methali hii yaweza kutumika katika ugomvi wa majirani. Leo tuipeleke kazini, katika vituo vya afya vya Masisi na Walikale, tuone jinsi neno la msimamizi liwezavyo kumjenga mtumishi wa Serikali au kumvunja.

KITUO CHA MBALI

Masisi ni nchi ya vilima na malisho ya ng'ombe. Walikale ni nchi ya msitu, yenye zaidi ya kilometa za mraba 23,000, na vijiji vyake vingi hufikiwa kwa pikipiki au kwa miguu tu. Kongo yote imegawanywa katika zoni za afya. Katika wilaya hizi mbili zimo zoni za Masisi, Mweso, Kirotshe, Walikale, Pinga, Itebero na nyinginezo. Kila zoni ina mganga mkuu wake, na chini yake wako wauguzi wanaoongoza vituo vya vijijini. Yapasa mtu wa ofisi ya zoni afike kituoni mara kwa mara, akague madaftari na dawa, tena amfundishe muuguzi pale alipopungukiwa.

Sasa fikirini hali ya muuguzi huyo. Wauguzi wengi hawapati mshahara kamili wa Leta. Hupata posho ndogo, au hawapati kitu, wakategemea ada za wagonjwa. Vita navyo havikuwaacha. Mwezi wa Januari 2025 kundi la M23 liliuteka mji wa Masisi. Mwezi wa Machi likaingia mji wa Walikale, likautoka mwanzoni mwa Aprili. Kwa mtu aliye katika taabu hizo, pengine ziara ya msimamizi ndiyo dalili pekee ya kwamba wakubwa wanamkumbuka. Kwa hiyo neno atakaloambiwa siku hiyo lina uzito mkubwa.

KOSA MOJA, MANENO MAWILI

Tutwae mfano. Chanjo nyingi hutunzwa katika baridi ya digrii 2 mpaka 8, na kipimo huandikwa asubuhi na jioni. Tuseme msimamizi akuta siku nne hazikuandikwa. Aweza kupaza sauti mbele ya akina mama waliokuja na watoto wao: "Wewe ni mvivu, hufai kazi hii!" Au aweza kumwita muuguzi kando na kumwuliza: "Siku hizi nne hazina kipimo. Kulitokea nini?" Huenda akajibiwa kwamba muuguzi alikuwa peke yake, akizalisha usiku na kutibu mchana. Ndipo watapatana ni nani atakayeandika kipimo siku za namna hiyo.

Kosa ni lile lile, lakini matunda ni mbalimbali. Neno la kwanza lamhukumu mtu; la pili latazama kazi. Aliyeaibishwa mbele ya wagonjwa wake hupungukiwa heshima kwao, na usiku hapati usingizi. Tena, kwa kuogopa aibu ya pili, aweza kujaza daftari kwa vipimo vya uongo. Hapo chanjo huharibika pasipo mtu kujua, na mtoto wa kijiji ndiye alipaye.

WATAALAMU WALIYOYAONA

Mwaka 1996 wataalamu wawili, Avraham Kluger na Angelo DeNisi, walikusanya majaribio mengi juu ya watu walioelezwa namna wanavyofanya kazi. Walikuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya maelezo hayo yaliishusha kazi badala ya kuipandisha. Walifafanua kwamba neno likiyaondoa mawazo ya mtu katika kazi na kuyageuza yaelekee nafsi yake, faida yake hupungua. Mwaka 2019 nalo Shirika la Afya Duniani lilieleza alama tatu za uchovu utokao katika taabu za kazi zisizotulizwa: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kazi yenyewe kudhoofika.

SIFA SI MSHAHARA

Hata hivyo tusidanganyane. Mkono mtupu haulambwi. Maneno matamu hayalishi watoto, wala hayajazi kabati ya dawa. Msimamizi aandikaye kila ziara "dawa hazitoshi," na dawa zisiletwe, humchosha mtumishi kama yule atukanaye. Naye msimamizi ana mkubwa wake, na pengine hana mafuta ya pikipiki. Basi neno lipande na kushuka: malalamiko ya muuguzi yafikishwe juu, na jibu lirudi, hata likiwa ni "bado."

Yafaa basi msimamizi atazame kwanza, ndipo aseme; ataje jema aliloliona kwa jina lake; aonye faraghani; aulize sababu; aandike yaliyopatanwa, na ziara ijayo aanzie hapo. Mtumishi naye asikie bila hasira, aulize asipoelewa, na akionewa ajieleze kwa heshima.

Nanyi wanakijiji mlio katika halmashauri za afya, mnayo sehemu yenu. Mmoja wenu akiona muuguzi amefanya vema, amwambie mwenyewe, kisha amwambie na msimamizi afikapo. Nanyi wanafunzi, wengine wenu mtakuwa wakubwa wa kazi. Jizoezeni tangu sasa, mnaposahihisha daftari la mwenzenu, kulionyesha kosa bila kumdharau aliyelifanya.