Rupia za Sanduku la Bibi: Uuze kwa Gramu au kwa Mwaka?

Watawala wa Kiziba, Kyamutwara na Ihangiro, falme za eneo la Bukoba, hawakugonga sarafu zao wenyewe. Watu walihesabu kwa simbi. Fedha nyeupe ililetwa na wageni: rupia za India, kisha rupia za Kijerumani zilizoanza kugongwa mwaka 1890, mwaka uleule Emin Pasha alipoanzisha kituo cha Bukoba. Leo sarafu hizo zikitoka kwenye sanduku la bibi, watu wa nyumbani huuliza kwanza zinauzwaje.

Mezani kwa sonara kila kitu ni gramu. Rupia ya Kijerumani ina gramu 11.66, na karibu 10.7 kati ya hizo ni fedha safi. Shilingi ya simba ya Afrika Mashariki ya Waingereza, iliyogongwa kati ya 1921 na 1946, ina gramu 7.8, lakini fedha ni robo tu, yaani chini ya gramu 2. Rupia moja basi inabeba fedha ya shilingi tano na nusu. Shilingi za 1948 hadi 1952 hazina fedha hata chembe, ni shaba na nikeli. Usipande gari kutoka Muleba hadi Bukoba kwa ajili ya hizo.

Mizani peke yake inaweza kukuumiza. Florini ya 1920, iliyorithi nafasi ya rupia katika Afrika Mashariki ya Waingereza, ina gramu zilezile 11.66, ila nusu yake tu ndiyo fedha. Ukizimwaga pamoja zipimwe mara moja, rupia zako zitalipwa bei ya florini. Zitenganishe kwa macho: rupia ya Kijerumani ina Kaizari Wilhelm II mwenye kofia ya chuma yenye tai juu, florini ina Mfalme George V, na simba upande wa pili.

Sandukuni huenda pia kuna reale ya Maria Theresa. Hiyo ni nzito kuliko zote, ina zaidi ya gramu 23 za fedha safi. Usidanganywe na mwaka 1780 ulioandikwa juu yake, maana imegongwa upya kwa mwaka huohuo hata katika karne ya 20.

Kabla ya kwenda kwa sonara, tafuta kwenye simu bei ya wakia moja ya fedha, igawe kwa 31.1, ndipo uzidishe kwa gramu za fedha safi. Atakata chake, na ni haki yake, lakini utajua amekata kiasi gani. Mkusanyaji wa sarafu hununua kwa namna nyingine kabisa: anatazama mwaka, uso na hali. Sarafu ya Kijerumani ya rupia 2 iligongwa 1893 na 1894 tu. Kuiyeyusha ni hasara ambayo hairudi. Sarafu iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni hushuka thamani kwa mkusanyaji, ingawa kwa sonara hupungukiwa kidogo tu. Na tafadhali, usisugue sarafu kwa jivu wala steelwire. Mng'ao huo mpya unakula bei.

Kama ada ya shule inabana, toa shilingi za simba kwanza, kwa uzito. Rupia zipige picha pande zote mbili, mwaka uonekane, na upate bei za watu wawili au watatu kabla ya kuziachia.