Elektroni 88 za Karafuu

Je, wajua kwamba mafuta yanayokenekwa kutoka kwa makonyo ya karafuu kule Wawi, kisiwani Pemba, sehemu yake kubwa ni yujenoli, na ya kwamba molekuli moja ya yujenoli, pamoja na udogo wake, ina atomi 24 na elektroni 88, ambazo hakuna mwanadamu awezaye kuzipigia hesabu iliyo kamili? Watu wengi, wasikiapo kwamba mwanakemia huchunguza mmea kwa kompyuta, hudhani kuwa hiyo ni ramli ya kisasa, au kwamba mashine imekwisha kumwondolea taabu ya maabara. Na dhana zote mbili ni batili. Kila elektroni yahitaji namba tatu ili mahali pake pajulikane, hata hesabu nzima ikawa na vigeu 264 vilivyofungamana. Na fadhila ya Walter Kohn, aliyetunukiwa Nobel mwaka 1998 pamoja na John Pople, ni kuthibitisha kwamba yatosha kujua msongamano wa elektroni zote kwa jumla katika kila nukta, yaani namba tatu badala ya 264.

Lililo ajabu zaidi ni kugeuka kwa yujenoli kuwa isoyujenoli, ambayo hutengenezewa vanilini, harufu ya vanila. Idadi ya atomi haibadiliki; kifungo maradufu kilicho mwishoni mwa mkia wa molekuli husogea hatua moja kuelekea kwenye duara la kaboni, kikatulia zaidi. Kichocheo chenye rutheni huipa kaboni ya mwisho hidrojeni moja, kisha hutwaa nyingine katika kaboni iliyo kando ya duara, nacho kikarudi kuwa kama kilivyokuwa. Katika kila hatua, ya kutoa na ya kutwaa, ipo hali ya mpito, isiyodumu hata sehemu moja ya trilioni ya sekunde, wala hakuna chupa iwezayo kuihifadhi. Kompyuta huitafuta kama msafiri atafutaye njia ya kupenya kati ya milima miwili, mahali palipo juu kwa atokaye bondeni na chini kwa atazamaye vilele. Alama yake ya yakini ni kwamba, katika mitetemo yote ya molekuli, mmoja, wala si wawili, mraba wa masafa yake huwa hasi: atomi zikisukumwa upande huo hazirudi tena, bali huteremka kwenda kuwa kitu kingine.

Hesabu hiyo haina huruma, kwani kosa la kilojuli 6 tu kwa moli katika nishati ya hali hiyo ya mpito, kwenye joto la kawaida, hukosesha kasi ya mmenyuko kwa takriban mara kumi. Ndiyo maana huudhi kusoma kwamba mti fulani watibu saratani, eti kwa kuwa molekuli yake imeonekana kompyutani ikikaa vyema ndani ya protini. Hiyo ni dalili ya kumpeleka mtu maabara, wala haijawa dawa.

Matumizi ya yujenoli ni mengi: saruji ya meno, manukato, sabuni, vikolezo, hata kulewesha samaki wanaopimwa. Lakini taifa liuzalo mafuta kwa pipa, kisha likanunua vanilini kwa kichupa, limejipunja lenyewe. Programu za hesabu hizi, kama Psi4 na NWChem, hutolewa bure. Basi vyuo vyetu, vya visiwani na vya bara, viwafundishe vijana kemia hii kwa molekuli za mimea yao wenyewe, na wa kwanza kupigiwa hesabu uwe mkarafuu.