Mbuzi, Tembo na injini ya kuzaliwa nayo

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 General Motors ilikuwa na amri kwa wahandisi wake: gari la ukubwa wa kati lisitiwe injini inayozidi inchi za ujazo 330. John DeLorean, mhandisi mkuu wa Pontiac, na wenzake wakatafuta mwanya. Walichukua Pontiac Tempest, gari la kawaida la familia, wakalitia injini ya inchi 389, yaani karibu lita 6.4, kisha wakaiandika kwenye orodha ya bei kama nyongeza ya hiari. Amri ilihusu magari, haikutaja nyongeza. Jina GTO waliliazima kwa Ferrari. Mwaka huo wa kwanza, 1964, yaliuzwa magari 32,450, na vijana walioyanunua wakazipangua herufi hizo tatu, wakaongeza A, zikatoa neno la Kiingereza "goat", yaani "Mbuzi". Hadi leo mwenye GTO husema ana Mbuzi, na wenzake wanamwelewa.

Msamiati wa wapenzi wa magari ya misuli ya Kimarekani umejaa wanyama wa namna hiyo. Injini ndogo ya V8 ya Chevrolet, iliyotoka mwaka 1955, ni Kipanya. Ile kubwa iliyoifuata ni Panya Buku. Mkubwa wa wote ni Tembo, injini ya Chrysler ya inchi 426 iitwayo Hemi. Jina Hemi limetokana na chumba cha kuchomea mafuta, ambacho kina umbo la nusu tufe. Umbo hilo linaacha nafasi ya valvu kubwa zinazotazamana, hewa inaingia upande mmoja na moshi unatokea upande wa pili bila kubanwa. Mwaka 1964 Richard Petty aliitumia kushinda mbio za Daytona 500. Mwaka 1966 ikauzwa kwa wanunuzi wa kawaida, ikiandikwa nguvu za farasi 425, na wanaoijua wanashikilia kwamba nguvu zake halisi zilizidi hapo.

Maneno ya kizazi kile yalitoka barabarani. Woodward Avenue, inayotoka Detroit kwenda mji wa Pontiac, ilikuwa na taa za trafiki, migahawa ya kulia ndani ya gari, na viwanda vya magari jirani. Vijana walishindana pale usiku kutoka taa hadi taa. Kilichohesabiwa ni robo maili, mita 402. Gia boksi ya Muncie M22 iliitwa Mponda Mawe, maana meno ya gia zake yalikatwa kwa mshazari mdogo ili yahimili nguvu, na kwa sababu hiyo yalilia kwa sauti kila gari lilipokwenda. Walioshindania magari yenyewe walisema wanashindania "waridi", kwa kuwa huko California kadi ya gari ilikuwa karatasi ya rangi hiyo. Aliyeshindwa alitoa kadi na kurudi kwa miguu.

Neno lililotoka nje ya gereji kuliko yote ni "posi". Ni kifupi cha Positraction, jina la kibiashara la difu ya Chevrolet inayogawa nguvu kwa magurudumu yote mawili ya nyuma, hata moja likianza kuteleza. Katika filamu ya My Cousin Vinny ya mwaka 1992, kesi ya mauaji inaamuliwa na neno hilo. Shahidi, binti wa ukoo wa mafundi, anaitazama picha ya alama za matairi na kuieleza mahakama kwamba gari la washtakiwa, Buick Skylark ya 1964, lisingeweza kuacha alama mbili zinazolingana vile kwa kuwa halikuwa na posi. Marisa Tomei alishinda Oscar kwa nafasi hiyo. Nimeitazama mara nyingi, na bado naona hakuna filamu iliyoiheshimu lugha ya mafundi kuliko hiyo.

Kisha enzi ikafungwa. Bima za vijana zilipanda, sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ikabana moshi, na vikwazo vya mafuta vya 1973 vikamaliza kazi. Magari yakazeeka, vijana nao wakazeeka, na bei ikaanza kupanda. Hapo ndipo lugha yao ilipohama kutoka kwenye mbio kwenda kwenye ushahidi. Leo wakikutana, swali la kwanza ni kama namba zinaoana, yaani kama injini iliyomo ndiyo ambayo gari lilizaliwa nayo.

Swali hilo lina uzito wa fedha. Mwaka 1971 Plymouth ilitengeneza 'Cuda 11 tu za wazi zenye Hemi, na mwaka 2014 mojawapo iliuzwa mnadani Seattle kwa dola milioni 3.5. Palipo na bei kama hiyo, waghushi hawakosi. Kwa hiyo mnunuzi hujifunza kusoma namba ya chesisi herufi kwa herufi. Inayoanza na BS23R0B ni Plymouth Barracuda ya daraja la 'Cuda, yenye milango miwili na paa gumu, ya mwaka 1970, iliyoundwa Hamtramck, Michigan. Ile R katikati ndiyo Hemi. Wenyewe hawasemi zaidi ya "ni gari la R", na wote wanageuka kutazama.

Chevrolet ni mtihani mgumu zaidi. Namba ya chesisi ya Chevelle ya 1970 haikuambii kama gari ni SS halisi, yaani Super Sport, daraja lake lenye nguvu zaidi, hivyo ushahidi hutafutwa kwenye injini yenyewe. Mbele ya bloku, upande wa kulia, pana kijibapa kilichogongwa namba. Uso wake ukiwa haujaguswa tangu kiwandani, ukiumulika kwa tochi utaona mistari myembamba inayokwenda sambamba, iliyoachwa na mashine iliyousawazisha. Aliyesaga namba ya zamani na kugonga nyingine huifuta mistari hiyo. Wengine hufungua viti kutafuta karatasi ya kiwandani, ambayo wafanyakazi waliichomeka kwenye springi wakati wa kuunganisha gari.

Gari la kawaida lililovalishwa beji na injini ya gari adimu huitwa "heshima" mmiliki anaposema wazi alichofanya. Mimi sioni aibu yoyote ndani ya neno hilo. Fundi aliyejenga heshima nzuri amefanya kazi ya kupongezwa. Aibu ni ya anayelinyamazia ili alipwe bei ya gari halisi. Nanyi ndugu mlioko Michigan, Ohio au Texas mnaotamani Mbuzi au Tembo, kabla ya kutaja bei muulizeni muuzaji kama injini ni ya kuzaliwa nayo, halafu fungueni boneti mkasome namba kwa macho yenu.